Mlango wa Mbele

Mama amesimama kwenye ngazi, hapandi.
Miaka kumi na tisa aliingilia nyuma,
uchochoro wa mapipa, kitasa cha kubembelezwa,
ndoo mkono huu, ufagio mkono huu.
"Ngoja," asema, "nivue viatu?"
La, Mama. Leo twaingia navyo.

Ilikuwa benki. Herufi zake zi ukutani bado
chini ya chokaa, kama kovu chini ya poda:
jua la saa kumi na moja likipiga upande
utasoma A, utasoma K,
kisha ukuta unanyamaza.
Sasa ni mkahawa wa Sinyora Ornella.
Kaunta imebaki na nondo zake,
na kwenye dirisha la pili, la karani wa kutoa,
kijana mwenye kofia nyeupe anatoa piza.

Ngumbao, mwana wa jirani yetu wa Muyeye,
anatulaki kwa Kiitaliano, kwa mazoea,
kabla ulimi wake haujarudi nyumbani:
"Mbona hamkusema mwaja?"

Mama haitazami menyu. Atazama sakafu.
"Hiki," akikigusa kigae kwa ncha ya kiatu,
"kilipasuka siku kasha la sarafu lilipomponyoka Bwana Mbogholi.
Shilingi zilitawanyika hadi chini ya makabati.
Nilizirudisha zote.
Moja sikuirudisha."
Anacheka, mkono mdomoni.
"Na wewe ndiye uliyeila. Mahamri manne."

Palikuwa na bango hapo, juu ya kichwa cha meneja:
haba na haba hujaza kibaba.
Kibaba cha nani, bango halikusema.
Mimi nilijifunza kujumlisha nyuma ya karatasi za benki,
zile walizokosea wenye pesa wakazikunja wakazitupa,
Mama akazinyoosha kwa pasi ya makaa.
Upande wao: elfu arobaini na tano tu, na sahihi yenye mikia.
Upande wangu: saba na sita,
kumi na tatu.

Nyoki zilipofika alizigeuzageuza kwa uma.
"Viazi hivi wamevisumbua bure."
Alivimaliza. Akapangusa mchuzi kwa mkate,
jambo ambalo, Ngumbao alinong'ona,
hata wenyewe hulifanya pasipo na wageni.

Kisha akaomba kitu kisichokuwamo kwenye menyu:
akione chumba cha hazina.
Miaka yote ile ufagio wake uliishia kizingitini,
hatua moja kabla ya mlango wa chuma,
"Hapo panatosha, Mbeyu."
Ngumbao aliuvuta mlango kwa bega.
Ndani mvinyo, chupa juu ya chupa, zimelala ubavu.
Mama akapitisha kidole kwenye shingo ya moja,
akakileta kidole kwenye mwanga.
"Hamna mtu wa kufuta humu?"
Ngumbao akaeleza: vumbi ni umri wa chupa, Mama,
huuzwa nalo, na bei hupanda.
Mama aliwaza kitambo kirefu.
"Kumbe mimi nililimwaga," akasema. "Ndoo kwa ndoo."

Hesabu ililetwa imekunjwa. Siitaji hapa;
enzi zile angefagia miezi mitano.
Nililipa kwa kadi, benki ndani ya benki,
kimashine kikasaga meno, kikatema risiti, kikadai sahihi.
Ngumbao akalaza kalamu juu ya kisahani.

Mama aliitafuta kamba.
Kalamu za hapa zilifungwa minyororo,
vishanga vya chuma, na Jumamosi alivipangusa
kimoja kimoja, wasije wateja wakaona kutu.
Akaiinua hii. Akaivuta kidogo, kujaribu.
Haikuvutwa na kitu.

Tulitoka tulikoingilia.
Barabarani alisimama, akafungua fundo la leso
atafute ugoro,
nikaiona: nyeusi, yenye kifuniko cha dhahabu,
imelala kando ya kikopo.
"Usiniangalie hivyo," akasema.
"Niliwaachia vumbi lao."