Hajasoma

Darasa la jioni, Nyakato, nyuma ya duka la vipuri.
Taa moja inapepesa, mbu wanafundishwa pamoja nasi.
Mwalimu Lugembe anaandika ubaoni
neno la Kiingereza lenye herufi nane, kivumishi,
analipigia mstari, chaki inakatika.
"Nipeni Kiswahili chake."

Msomi, anasema Bwire, fundi wa pikipiki.
Hiyo ni nomino, anajibu mwalimu.
Mwenye cheti, anadakia mwingine kutoka nyuma,
tunacheka kicheko cha watu wasio nacho.

Mimi simo. Mimi niko Igombe, mwaloni,
asubuhi ile alipokuja karani na fomu za mkopo.
Alimuuliza shangazi Nyanzobe jina,
umri, ana chanja ngapi za dagaa,
kisha, bila kuinua kichwa: "Elimu?"
Na bila kungoja akaandika,
akijisomea kwa sauti: hakusoma.

Nilikuwa kidato cha nne, nimejaa maneno.
Nikarukia: "Anasoma ziwa!
Anasoma wingu likiwa bado Ukerewe,
anaanua dagaa kabla tone halijaanguka.
Ziwa ndilo kitabu chake."
Nikajiona nimesema.

Shangazi akanitazama
kama anavyotazama dagaa wenye mchanga.
"Ziwa ni maji," akasema.
"Mwaka juzi nilimnywesha mtoto dawa ya kupaka.
Chupa ilikuwa inasema, mimi sikusikia.
Usinipambe kwa nisichokijua."

Akamgeukia karani:
"Nawe, futa hiyo hakusoma.
Hakusoma anasemwa maiti.
Andika hajasoma.
Mimi bado niko kwenye foleni."

Karani akakuna sikio kwa kalamu.
Akakata, akaandika juu, kwa herufi ndogo,
maana fomu haikuwa na nafasi ya bado.

Ada yangu aliilipa yeye, ndoo kwa ndoo,
mikono inanuka hadi Jumapili.
Amenisomesha, watu husema,
wala hawashangai
kwamba neno limempa mkia wake wote
na kumnyima mzizi.

"Wewe wa dirishani!"
Chaki imenielekea.
Nasimama. Aliyesomeshwa, nasema.
Mwalimu anatazama ubao, anatazama neno,
anahesabu kitu kwa vidole.
"Sawa. Lakini aliyesomeshwa na nani?"
Bwire anafungua kamusi, anapekua,
anafunga.
Humo halijasemwa.

Siku hizi shangazi anaandika N
kwenye viroba vyake, kwa kalamu ya wino mzito.
Mstari wa katikati umelalia upande usio wake.
Nilitaka kumsahihisha, nikaambiwa ningoje zamu yangu.
Wanunuzi wa Kirumba wanaijua.
Nipe ule wa N ya kinyume, wanasema,
ule hauna mchanga.