Kulazwa

Jumanne simu iliniambia: baba amelazwa Malindi.
Nikafunga duka la mbegu, Ganda, nikapanda boda.
Wodi ya wanaume, kitanda cha tisa:
shuka limeshabadilishwa.
Nesi ameandika, *amefariki*.

Makaburini, Katekista Mwaringa,
aliyejifunza Kiyunani kwa barua,
akaninong'oneza neno moja: koimaomai, kulala.
"Kwao lina kauli ya kutendwa. Yuko aliyemlaza."
Sikumjibu. Mchanga mwekundu ulikuwa umeniingia kiatuni.

Usiku mama alijibanza ukingoni mwa kitanda,
upande wa ukutani kamwachia mwenyewe.
Mimi gizani, sebuleni, nikawa nanyambua:
lala, laza, lazwa.
Amka, amsha,
amshwa.

Sarufi, angalau, imekubali.