Maji ya Kiberiti

Vazha, usinikasirikie: leo nimelipa lari ishirini
nikachunwa ngozi.

Ilikuwa Jumanne ya mvua, Tbilisi matope matupu,
nami nilitoka kununua vitunguu tu.
Kule kwenye mabafu ya zamani, kwenye zile kuba za matofali
zilizochomoza ardhini kama matiti ya mwanamke aliyelala chali
(wewe ndiye uliyesema hivyo, mbele ya mama yako,
akakupiga na mwiko),
mvuke ulinishika mkono.
Maji ya kiberiti yananuka mayai viza.
Nikasema, na mimi nimevia miaka minne,
tutaelewana.

Mlangoni nilivua koti jeusi, gauni jeusi,
kitambaa cheusi, soksi ndefu nyeusi.
Mama wa zamu alivitundika kimoja kimoja kwenye misumari.
Ukuta ukawa mjane.
Mimi nikabaki mtu.

Msuguaji anaitwa Lamara. Ana mabega ya mwoka mikate
na glavu ngumu ya manyoya ya mbuzi.
Hakuniuliza nimefiwa na nani.
Alinimwagia ndoo, akanilaza juu ya jiwe lenye joto,
akasugua
mpaka vikanitoka vijinyuzi vya kijivu,
kama takataka za ufutio wa shule.
"Tazama," akasema, "umebeba baridi zote hizi peke yako."
Alipofika chini ya ubavu wa kushoto akasita.
"Na hili baka jekundu, unalijua?"

Silijui.
Miaka hamsini na mmoja, Vazha,
na ishirini na sita kati ya hiyo ulilala ubavu huohuo,
hukuniambia.
Au uliniambia, kwa midomo, gizani,
nami nikadhani unabusu tu.

Kisha akapuliza mfuko wa kitambaa uliolowa sabuni
na povu likanishukia, la moto, zito,
theluji iliyopotea njia.
Nililia. Si kile kilio cha makaburini
cha kusikilizwa na mawifi;
hiki kilikuwa cha chini, cha tumboni,
na ndani yake, niseme kweli?
mlikuwa na utamu.
Mwili niliodhani nimekufukia nao kule mlimani
ulikuwa umekaa hapa siku zote
ukingoja mtu auite kwa maji.

Nyumbani sikuwasha taa.
Nilikula komamanga nimesimama jikoni, bila nguo,
juisi ikatiririka hadi kiwikoni,
tone moja likaanguka kifuani, likashuka lilikotaka.
Sikulifuta.

Halafu nikalala katikati ya kitanda.
Si upande wangu. Katikati.
Mkono wangu ukatembea taratibu kama mgeni mwenye adabu,
ukipiga hodi kila mlango:
shingoni, hodi.
Kwenye kovu la kumzaa Mzia, hodi.
Nyuma ya goti (nani angejua?), karibu, karibu ndani.
Sikuwa na haraka. Mvua ilikuwa inahesabu mabati
na mimi nikaiacha ihesabu.
Na nilipofika, jina lililonitoka
halikuwa lako.
Lilikuwa langu: Tsiala.
Nikalirudia, ili nilisikie vizuri.

Asubuhi, zile soksi nyeusi nimezifungia mzabibu barazani,
upepo ulikuwa umeulegeza.
Usione wivu, uliupanda mwenyewe.
Zimeshika vizuri kuliko kamba.

Zauri wa ghorofa ya chini, yule fundi saa,
alinikuta ngazini, akaniuliza
ni nini kilikuwa kinaimba jana usiku juu ya dari lake.
Nikamwambia ni bomba, linavuja.
Saa kumi jioni amekuja na spana
na shati lililopigwa pasi.
Yuko chini ya sinki hivi sasa, anatafuta penye tatizo.
Sijamwambia kitu.
Nimemwekea chai,
na mimi hapa nimekaa, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi,
nikiisikia kila kigae.