Mwenye Sinia

Kila Idi, baada ya chakula cha mchana,
televisheni ya Izmir huirudisha ile filamu ya zamani,
nyeusi na nyeupe, yenye mvua ya mikwaruzo:
Kudret Bey, tajiri wa tini zilizokaushwa,
anajilaza kitandani, anasema nimefilisika, wanangu,
kisha anafumba jicho moja tu
aone nani ataleta uji na nani ataleta wakili.

Tunaijua kama tunavyozijua ngazi za nyumba hii.
Feride humtangulia yule binti mkubwa kulia.
Suat hucheka pale wanapohesabu vijiko vya fedha:
kumi na moja, kumi na moja,
cha kumi na mbili kakificha nani?

Mwaka huu Suat amekuja na karatasi.
Ameziweka chini ya sahani ya baklava, pembe imechomoza.
Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, Mama.
Lifti hakuna, Mama. Na bei sasa ni nzuri.
Feride ananitazama mimi; mimi namtazama Kudret Bey.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mama bila daftari, je?

Mama anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja.
"Nyamazeni kidogo. Sasa."
"Sasa nini?"
"Mlangoni. Nyuma ya yule kijana mlafi."

Msichana anaingia na sinia la chai.
Anainama. Bilauri moja inacheza, haianguki.
Anatoka.
Sekunde sita hazifiki.

"Walikuja kiwandani, tulikokuwa tukipanga tini.
Walitaka mwenye mikono isiyotetemeka.
Ilitetemeka."

Miaka arobaini na moja tunaitazama filamu hii,
macho yote kwenye kasha la yule mzee,
na mama yetu anapita na chai,
anapita,
kila Idi anapita.

Suat anatafuta rimoti, kana kwamba televisheni ya serikali
itakubali kurudi nyuma kwa ajili yake.
Kudret Bey anainuka na mali yake yote. Watoto wanapiga magoti.
Fidla zinawasamehe kwa mkupuo mmoja.

"Walikulipa nini?" namuuliza.
"Viatu. Vyekundu, ingawa humo vinaonekana vyeusi."
Anaivuta ile pembe ya karatasi chini ya sahani,
anapangusa shira kwa kidole,
anaanza kusoma, polepole, bila miwani.

"Kimoja kilinibana," anasema.