Kabati la Vitumbua

Kabati lilikuwa la mama: vioo vitatu, mgongo wa mbao.
Miaka kumi na mmoja lilikaa barazani, Makorora,
likiwauzia vitumbua waendesha baiskeli wa alfajiri.
Alipoacha (magoti, alisema, na moshi)
lilihamia stoo, likafuga buibui.

Nilipoliomba akauliza, la nini?
Nikasema, la nyoka.
Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.

Siku tatu nililisugua kwa siki na maji ya moto.
Shekivuli wa Muheza, aliyenipa nyoka, alinionya:
huyu hunusa kwa ulimi, usimlaze ndani ya iliki.
Lakini iliki imezama kwenye mbao.
Nilisugua mpaka kucha zikalainika,
na bado, jua likipiga, kabati linanukia Ramadhani.

Mlango kwanza. Nyoka mwembamba
hupita panapopita kidole,
na si kidole changu, cha mtoto.
Nikaziba kila ufa, nikatia komeo,
nikatoboa matundu kwa msumari, madogo, mengi,
hewa ipite, mtu asipite.
Mtu, nilisema. Nikajishangaa.

Chini nikatandika makumbi ya nazi
niliyoyachambua na kuyaanika uani kwa jirani
bila kumwambia ni ya nani.
Bakuli la maji, zito, asije akalipindua.
Taa nje ya kioo, asijiunguze.
Gae la chungu upande wa joto,
gae la pili upande wa baridi.
Mawili, Shekivuli alisisitiza, mawili,
maana ukimpa pango moja
unamlazimisha achague kati ya joto na amani.
Hilo nililiandika kwenye daftari la madeni,
chini ya deni la sukari.

Usiku ule nikakipeleka kipimajoto kitandani kwangu.
Thelathini na tatu, chini ya bati lisilo na dari.
Nikakizungusha chumba kizima, kona kwa kona,
nikitafuta upande wa baridi.

Bwana Mhando mwenye nyumba alikuja na fimbo.
Ana sumu?
Hana hata meno ya kutajwa, nikasema. Anakula mayai.
Mayai tu?
Mayai tu.
Akasimama mbali, fimbo kwapani,
akasema kodi ya mwezi huu isichelewe,
kama vile nyoka ndiye angeichelewesha.

Nikamwita Ung'ongo.
Atakayeshtuka, basi, ashtuke kwa haki.

Yai la kware nikaliweka mbele ya gae jioni.
Asubuhi lipo.
Nikabadilisha. Lipo.
Siku ya tano, ya saba, ya tisa,
mimi nachuchumaa na tochi iliyofungwa kitambaa,
yeye kajikunja gizani, kichwa juu ya mwili wake mwenyewe,
na yai kati yetu kama swali la mtihani.
Nikapima joto. Nikapima tena. Nikasogeza taa nusu shubiri.
Nikampigia Shekivuli. Acha kumchungulia, akasema, akakata.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.
Hata mimi wiki ya kwanza hawakununua.
Walipita, wakatazama, wakaenda.
Nilivila mwenyewe mpaka nikavichukia.

Nikafunika kabati kwa kanga, nikaenda kulala.

Siku ya kumi na mbili, karibu na bakuli la maji,
nimelikuta ganda: tupu, limebanwa,
limekunjwa kama risiti ya mfukoni,
utando wote umeshikana, hakuna tone lililomwagika.
Na Ung'ongo yupo chini ya gae la baridi.
La baridi! Kachagua mwenyewe.

Nikamwita mama kwa sauti ya kuamsha mtaa.
Alikuja polepole, mkono ukutani, mkono gotini,
akainama mbele ya kioo, pua karibu iguse,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko magoti yanavyoruhusu.

Miaka kumi na mmoja alikaa nyuma yake.
Upande huu, wa mteja,
hakuwahi kusimama.