Beseni Chini ya Tundu

Mbegu nimeshazizika. Tarehe kumi na nane Novemba,
ardhi kavu kama ukoko, jembe likinirudi mkononi
kama ngumi ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Uwele mistari kumi na minne, karanga pale palipokuwa zizi,
na tangu siku hiyo kazi yangu ni kufukuza kuku wa jirani
kwenye shamba ambalo mpita njia haoni kitu.

Mama Yaledi hupita na dumu kichwani, hunicheka:
"Unachunga udongo, shoga?"
Nachunga udongo, namjibu. Udongo nao una wezi.

Saa saba mchana mbuzi wanagombea kivuli cha tanki la shule,
tanki lenyewe ukiligonga linaitika.
Upepo unazoa vumbi, unalizungusha, unalibwaga sebuleni
kama mgeni asiyejua kuvua viatu.
Korongoni tunachimba mchanga.
Mwezi jana maji yalikuwa yanafika kiwiko;
sasa naingia shimoni kichwa mbele, nusu yangu yote,
Sechelela kanishika vifundo vya miguu,
nachota kata moja,
nangoja,
kata nyingine,
na nyuki wameshafika kabla yangu.

Juu ya tembe letu kuna tundu.
Lilianza masika yaliyopita, kando ya mtambaapanya,
usawa wa kitanda cha mama mkwe.
Kuliziba kunataka udongo mbichi, ndoo tatu za maji.
Ndoo tatu! Hizo ni kiu ya siku mbili, ni uji, ni ndama.
Basi ndiyo hivyo: sina maji ya kuzuia maji.
Mama mkwe hulala chali akilitazama,
huhesabu nyota zinazopita humo, asubuhi hutoa taarifa:
"Jana zilikuwa tatu, leo tano.
Tundu hili linakua kuliko uwele wenu."

Jana jioni Ndahani alipiga simu kutoka Kilombero.
"Imeshanyesha huko?"
Bado.
"Hata manyunyu?"
Hata manyunyu. Juzi lilitokea wingu upande wa Bahi,
likasimama kama mtu aliyekuja kukopa,
likaona haya, likaaga.
Akacheka. Kisha akashusha sauti:
huku imetufukuza, siku ya nne hii hatuingii miwani,
na asiyekata halipwi.

Ndipo nikaisikia.
Nyuma ya maneno yake, juu ya bati la kambi yao,
mwanzo nikadhani ni mkwaruzo wa mtandao.
Nikaweka sauti kubwa, nikailaza simu juu ya kinu.
Watoto wakasogea. Mama mkwe akajikongoja hadi mlangoni.
Hatukusema kitu.
Tukaisikiliza mvua ya watu ikimwagika bure,
ikipiga bati, ikijaza mitaro, ikienda zake,
na kitindamimba wangu, bila kuagizwa na mtu,
akakinga kiganja chini ya simu.

"Mpo?" akauliza Ndahani. "Haloo? Mbona kimya? Mpo?"
Salio likaisha.

Usiku usingizi ulinipita.
Nikachukua beseni la bluu, lile la kufulia,
ambalo lina wiki tatu halijafua kitu,
nikanyata nalo hadi kitandani kwa mama mkwe,
nikaliweka ubavuni mwake, chini ya tundu.
Nilidhani amelala.
"Lisogeze," akasema gizani. "Kushoto.
Mwaka jana ilinidondokea hapa, begani."

Nikalisogeza.
Nikajinyoosha kwenye mkeka kando yake,
tukalala tumeitegea kama watu wanaotega kanga porini:
bila kukohoa,
bila kujigeuza,
bila kuitaja kwa jina.