Kugawa Kihamba

Walinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani:
"Dokta, wewe ndiye wa hesabu. Njoo utugawie."
Nikafika Moshi na mvua ya masika,
nikapanda hadi Machame na daftari la mistari.

Miaka kumi na tisa nafundisha jambo moja:
yapo maswali ambayo jibu lake, ukiletewa,
utalikagua kabla chai haijapoa,
ila kulitafuta,
jua litazimika ungali unajaribu.
Kwamba ni lazima iwe hivyo, hakuna aliyethibitisha.
Niliwahi kudhani nimethibitisha mimi. Kurasa thelathini na moja.
Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na tundu la sindano,
miaka minne ikavujia hapo
kama mfongo uliopasua ukingo.
Jirani yangu bado huniletea printa mbovu.

Basi: migomba mia mbili na sita,
kahawa, nyingi zikiwa zee,
miparachichi saba, maji upande mmoja tu,
kaburi la baba, lisilogawanyika.
Kundaeli, Aminieli, Ndelilio.
Nikawaambia ukweli: swali hili nalijua kwa jina.
Kila mche unaoongezeka
unazidisha njia za kugawa mara tatu.
Aminieli akacheka: "Umesoma miaka yote hiyo
uje utuambie haiwezekani?"
Ndiyo, nikasema. Na hata hilo sijaweza kulithibitisha.

Baba mdogo Elinisafi hakungoja.
Alikwenda na panga, akikata isale,
akachomeka hapa, akachomeka kule,
karibu na mfongo akakosea, akang'oa, akarudisha.
Saa kumi mbuzi alikuwa motoni.
"Kagua," akaniambia.

Nikakagua. Kukagua ni rahisi.
Nilijumlisha mara mbili kwa kalamu nyekundu:
tofauti, migomba minne na mparachichi usiozaa.
Nikaandika: yanakaribiana, yanatosha.
Mafungu matatu.
Kisha nikahesabu majina,
ingawa hapo hapakuhitaji msomi:
watoto wa baba tulikuwa wanne.

Kwetu isale ni mpaka.
Isale pia ndilo unalopeleka ukiomba msamaha.
Nilipokuwa naondoka mama alinifuata hadi njiani,
akanitia jani moja mkononi, akalifumba na vidole vyangu,
wala hakusema ni lipi kati ya mawili.